Sentensi za Safari ya Gulu

Nilipohamia Bombo kutoka Bukoba ili kumsaidia mama mdogo katika biashara yake ya vitenge, nilikuwa na cheti cha darasa la saba na Kiingereza cha kusoma tu, kwa kuwa shule za msingi za serikali kwetu Tanzania hufundisha masomo kwa Kiswahili na Kiingereza huwa somo moja miongoni mwa mengine. Bombo haikunipa shida. Ni mji wenye kambi ya jeshi, kaskazini mwa Kampala, na Wanubi waliokaa hapo tangu enzi za Mwingereza huzungumza Kinubi nyumbani na Kiswahili na mtu yeyote anayepita.

Shida ilikuja mama mdogo alipoamua kupeleka vitenge Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kurudi na ufuta. Ukivuka mto Kafu, Kiganda kidogo nilichokuwa nimeokota sokoni kinaanza kupungua nguvu, na ukishavuka daraja la Karuma, ambako Nile hupita chini kwa kishindo na nyani hukaa barabarani wakingoja ndizi za abiria, umekaribia nchi ya Waacholi, ambako wageni wengi na wenyeji hukutana kwenye Kiingereza. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa Idi Amin, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Lakini tangazo ni jambo moja na masikio ya watu ni jambo jingine: katika sehemu nyingi za Uganda wazee walikisikia kwanza kinywani mwa askari, na mara nyingi askari huyo hakuja kwa heri.

Mama mdogo alikuwa na kisukari, akijidunga insulini kila asubuhi. Jirani yetu, bibi wa Kinubi aliyestaafu uuguzi, alipopata habari za safari aliniita barazani kwake akaniuliza, «Mjukuu wangu, mama yako akizidiwa njiani, utamwambia nani, na utamwambia nini?» Sikuwa na jibu, na somo likaanza jioni ileile.

Hakunifundisha kusalimia wala kuulizia bei ya hoteli. Alisema hayo mtu hujifunza kwa kuchekwa, na hakuna aliyekufa kwa kuchekwa. Alitaka niweze kusema mambo matano kwa mfuatano: nani anaumwa, ana ugonjwa gani, ametumia dawa gani, dawa gani hapaswi kupewa, na tuko wapi. Niliyaandika katika daftari kama nilivyoyasikia, «Shi hazi dayabitizi», na chini yake, «Shi yuzi insulini evri moning.» Mama mdogo alikuwa na mzio wa penisilini, kwa hiyo sentensi ya nne ilikuwa ndefu na ngumu kuliko zote, ulimi wangu ulikwama kwenye neno la mzio hadi bibi akaniruhusu kusema tu, «No penisilini, veri denja.» Alinikaririsha pia namba za polisi, 999 na 112, akaongeza kwamba namba haina maana kwa mtu asiyeweza kutaja mji alioupita na mji anaouendea, hivyo nikalazimika kukariri Luwero, Migyera, Kigumba na Bweyale kwa mpangilio wa barabara.

Jambo ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote ni hili: nilipokuwa nikisema sentensi zangu, yeye alikuwa akitwanga karanga. Nikisema kwa sauti ya darasani, alizidisha mchi. Ilinibidi nisimame, nimtazame usoni na kupaza sauti mpaka aitikie kwa Kiingereza kwamba amenielewa, ndipo anyanyue mchi na kuniacha nipumue.

Safari yenyewe iliharibika mapema. Basi tulilolipanda lilichelewa sana kufika Bombo, na mama mdogo alikuwa amekwisha kujidunga akitarajia kula chai na chapati aliyoifunga. Kwenye msukosuko wa kupakia marobota, chapati ikabaki nyumbani. Tulipoupita mto Kafu nilimwona anatokwa na jasho ilhali upepo wa dirishani ulikuwa unampiga usoni. Mikono ilimtetemeka. Nilipomuuliza kama ana kiu, alinijibu maneno yasiyoungana, kisha akanikaripia kwa jina la dada yake. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka, akamwangalia na kutabasamu kama mtu aonaye mlevi.

Nikasimama. Nilipaza sauti kama barazani, nikitaja kisukari, insulini na sukari, nikarudia, na kondakta akamgongea dereva. Kijana mmoja aliyevaa sare ya shule alitoa soda iliyobaki nusu chupa. Bibi alikuwa amenionya kwamba mgonjwa wa namna hiyo, aliyeshukwa na sukari kwa kujidunga insulini bila kula, hupewa kitu kitamu mara moja iwapo anaweza kumeza, na kwamba akipoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Mama mdogo alikunywa mafunda machache, kisha kichwa kikamlegea begani mwangu. Nikaiondoa chupa, ingawa mwanamke mmoja nyuma yetu alisisitiza kwa lugha nisiyoijua, na kwa ishara ya mkono niliyoielewa vizuri, kwamba nimmiminie yote.

Dereva alituteremsha kwenye hospitali iliyo kando ya barabara, mbele ya Kigumba. Nilisema sentensi zote tano bila kuvuta pumzi. Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akaita daktari, na dripu ya glukosi ikatundikwa. Daktari aliniuliza swali ambalo halikuwamo katika daftari, lakini nililinasa neno la kula na neno la lini, nikajibu, «Yesterday.» Haukupita muda mrefu mama mdogo akafumbua macho, akauliza kwa Kiswahili safi marobota yako wapi.

Marobota yalikuwa yamekwenda Gulu na basi. Tulipoyafuata kesho yake, nilisimama mbele ya karani wa mizigo nikiwa sina hata sentensi moja ya mali iliyopotea, nikaanza kumweleza kwa Kiingereza cha hospitali kwamba mizigo inaumwa. Mama mdogo alinisogeza kando, akamsalimu karani kwa Kiswahili chetu, na yule bwana, aliyekulia kambini na baba askari, akamjibu kwa Kiswahili kizuri kuliko hata changu, akadai kwanza risiti.