Siku Montreal ilipomuaga Maurice Richard

Mwaka 2000 nilikuwa nafanya usafi wa ofisi usiku katikati ya Montreal, pamoja na mzee mmoja mzaliwa wa pale aliyekuwa anakaribia kustaafu. Jumamosi ya tarehe 27 Mei redio ilitangaza kwamba Maurice Richard, mchezaji wa zamani wa hoki ya barafu, amefariki, akiwa na miaka 78. Mzee aliegemeza fagio ukutani, akatoka kuvuta sigara, na hakurudi upesi. Mimi ni mtu wa Bukavu. Hoki ya barafu nilikuwa naijua kwa kelele za majirani tu. Nikadhani kafiwa na ndugu.

Jumanne akaniomba nimsindikize kuaga mwili. Ulikuwa umewekwa Molson Centre, uwanja wa timu yake ya Canadiens wakati huo, na siku ile walipita watu zaidi ya 115,000. Foleni ilikuwa ya kila aina: mabibi wenye mikongojo, wanasheria na tai zao, watoto wamevaa jezi nambari 9. Wengi hawakuwahi kumwona akicheza. Alikuwa ametundika viatu tangu 1960, na mazishi ya kitaifa yaliyokuwa yanamngoja kesho yake, hadi siku hiyo serikali ya Quebec haikuwahi kumpa mwanamichezo mwingine.

Kwenye foleni ndipo mzee alipofunguka. Magoli 50 katika mechi 50, msimu wa 1944–45, aliyataja haraka haraka kama mtu anayesoma orodha. Alichotaka kunieleza ni Machi 1955. Yeye alikuwa kijana kiwandani, chini ya msimamizi asiyejua neno la Kifaransa na asiyeona haja ya kulijua, katika mji ambao wengi wetu, alisema, tulikuwa Wakanada wa Kifaransa. Richard, Mkanada wa Kifaransa mwenzao, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alikuwa mkimya, maneno yakimtoka kwa shida. Lakini ukimchokoza barafuni, unalo. Kule Boston alipigwa fimbo ya kichwa, akalipiza, na katika vurugu hizo akamtwanga ngumi mwamuzi msaidizi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, mtu wa upande wa Kiingereza, akamfungia mechi zote zilizobaki, na za kuwania kombe pia.

“Sisi tulikuwa tunameza kila siku,” mzee akaniambia. “Yeye hakumeza.”

Tarehe 17 Campbell alikwenda mwenyewe Forum, uwanja wa Canadiens wa wakati ule, kutazama mechi dhidi ya Detroit. Watu wakamrushia mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka, mechi ikavunjika na Detroit wakapewa ushindi. Umati ukamwagikia barabara ya Sainte-Catherine ukivunja vioo vya maduka. Mzee alikuwemo. Nilipomuuliza alivunja vingapi, akacheka, akatazama pembeni. Kesho yake Richard alizungumza redioni kuwasihi watulie, nao wakatulia. Ila siku chache baadaye Bernie Geoffrion, mchezaji wao wenyewe, alipompita Richard kwa jumla ya pointi za msimu, walimzomea kwa kufunga goli. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nasikiliza habari za michezo.

Na huyo mtu aliishi mtaa wa Ahuntsic, akaendesha biashara ya nyuzi za kuvulia samaki nyumbani kwake. Mzee aliwahi kununua kwake. Alisema Richard alifunga mzigo kwa gazeti, akamhesabia chenji mkononi, na yeye akashindwa kusema chochote zaidi ya merci.

Ndani tulipita kwa hatua chache tu, askari wakituhimiza. Mzee akapiga ishara ya msalaba, tukatoka.

Kwake tulimkuta mkewe amepika supu ya mbaazi, naye hakuwa na simanzi hata kidogo. “Mnamlilia mgomvi,” alisema. “Jean Béliveau wa Canadiens hao hao je? Muungwana, na mwaka 1994 alitakiwa awe gavana mkuu wa Kanada, akakataa.” Mzee akaja juu: Béliveau wanamheshimu, lakini nani aliwahi kuvunja kioo kwa ajili ya Béliveau? Mama akamjibu kwamba hiyo ndiyo sifa yenyewe. Wakabishana mpaka supu ikapoa, kisha wakanigeukia mimi niamue.

Nikasema namjua Ndaye Mulamba peke yake. Ikabidi nieleze: Leopards wa Zaire, Kombe la Afrika 1974, magoli tisa katika mashindano mamoja, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa, Mobutu akawapa wachezaji nyumba na magari. Halafu Kombe la Dunia, tisa bila kutoka kwa Yugoslavia, na baada ya hapo hakuna aliyewajali tena.

“Naye mlimzika vipi?” mama akauliza.

Nikamweleza nilivyojua wakati ule: kwamba mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kumkumbuka marehemu. Miaka baadaye ndipo nilipopata habari kwamba siku ile alikuwa mzima, mkimbizi huko Cape Town, anahangaikia riziki. Alifariki 2019.