Amplifaya Niliing'oa, Kelele Nikazifuata Zilikotoka

Kila dereva wa lori hapa Marekani mwenye redio ya CB, ile ya kuzungumza na madereva wenzake walio karibu, ana dawa yake ya kelele, na karibu kila mara dawa hiyo ni kitu cha kununua. Mimi nilishauriwa ninunue kichujio, kisha ninunue antena ndefu zaidi, kisha nibadilishe alternata (mashine ya injini inayochaji betri), na hatimaye nikaambiwa kwamba amplifaya, yaani kikuza-nguvu cha redio, niliyoikuta ndani ya lori ni ndogo mno, kwa hiyo nitafute kubwa zaidi ya kuzifunika hizo kelele. Ushauri huo wa mwisho ndio ulionikera kuliko yote, kwa sababu mzee aliyeutoa ana miaka mingi barabarani na vijana wote humwamini.

Lori lenyewe nililinunua kuukuu, na mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameificha amplifaya chini ya kitanda kama mtu anayejua alilofanya. Injini ikiwaka, spika ilitoa mluzi ambao ulipanda kadiri nilivyokanyaga mafuta na kushuka nilipoachia. Juu ya mluzi huo kulikuwa na mchakacho mkavu usiokoma, na nikibonyeza kitufe cha maikrofoni nilisikia kilio kikali, hata wenzangu wakadai kwamba sauti yangu ilikuwa ikiwafikia ikiwa imebeba filimbi. Katika barabara ya I-40 kati ya Little Rock na Memphis, ambako malori husongamana usiku na mchana na chaneli ya 19, ile ya madereva wa malori, ndiyo inayokuarifu kwamba njia ya kulia imezibwa mbele yako, kusikia nusu ya sentensi si jambo la kuchekesha.

Nianze na amplifaya, maana huko ndiko wengi wanakopotea. Kwanza, sheria haina utata: FCC, tume inayosimamia mawasiliano nchini humu, inaruhusu wati 4 kwenye AM na inakataza kabisa kuunganisha amplifaya kwenye CB. Pili, hata sheria ingenyamaza, amplifaya hukuza kile unachotuma, wala haikusaidii hata kidogo kumsikia mwenzako, na ile yenye kikuza-usikivu ndani yake hukuza sauti na kelele kwa pamoja. Nguvu ikizidishwa mara 4, sindano ya mita ya msikilizaji wako hupanda alama 1 tu ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Kwa hiyo kumpa amplifaya mtu ambaye redio yake ina mluzi ni sawa na kumpa kipaza sauti mwenye kikohozi. Niliing'oa pamoja na nyaya zake zote, na kile kilio cha maikrofoni kikapungua hapo hapo, ingawa hakikwisha.

Baada ya hapo nilifanya jaribio ambalo hakuna hata mmoja wa washauri wangu aliyelitaja, ilhali halina gharama. Injini ikiwa inanguruma, nilichomoa kebo ya antena nyuma ya redio, bila kugusa kitufe cha kutuma, kwa kuwa kutuma bila antena kunaweza kuichoma redio. Mchakacho ulikatika papo hapo, lakini mluzi ulibaki vilevile. Maana yake nilikuwa na maradhi mawili yaliyoingia kwa milango miwili: mchakacho ulipitia antena, na mluzi ulipitia waya wa umeme. Ndiyo sababu kila dawa niliyouziwa ilionekana kufanya kazi nusu, kisha ikashindwa.

Gereji moja ilikuwa imekwisha kunipigia hesabu ya alternata mpya, mamia kadhaa ya dola bila kazi ya fundi. Niliweka mita yangu ya bei ya chakula cha mchana kwenye upande wa AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, nikagusa ncha mbili za betri injini ikiwa inafanya kazi, na ikasoma kitu kidogo karibu na sifuri. Diodi za alternata, zinazogeuza AC kuwa umeme wa betri, zikiharibika, mita hupanda kuelekea nusu volti na zaidi. Yangu ilikuwa nzima, na pesa zangu zikabaki mfukoni.

Kilichokuwa na kasoro ni njia ya umeme. Redio ilikuwa imechukua chanya kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi cha dashibodi, ikichangia na feni na taa, na hasi yake ilikuwa imefungwa kwenye skrubu iliyopakwa rangi. Nilivuta nyaya mbili nene moja kwa moja hadi kwenye betri, chanya na hasi, nikaweka fyuzi karibu kabisa na betri. Mluzi ulikufa. Kile kichujio nilichouziwa kwenye kituo cha mafuta bado kiko kwenye droo ya zana, nacho hakina kazi.

Mchakacho ndio ulionipa raha ya kazi. Nilipokuwa kijana nilijifunza ufundi wa redio kwenye kibanda cha mjomba huko Kongowea, Mombasa, na mjomba alikuwa na desturi ya kutafuta taa ya mrija iliyoharibika kwa kutembea na redio ndogo ya betri mkononi, akiwa ameiweka kwenye AM mahali pasipo na stesheni. Nilinunua redio ya namna hiyo kwenye duka la vitu vya mitumba, nikazima injini, nikaacha vifaa vyote vya kebini vikiwaka, nikaanza kuipitisha taratibu kama mganga anayenusa uchawi. Kwenye friji ndogo ilinyamaza. Kwenye inverta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ilikoroma kidogo, nikadhani nimemkamata mwizi, kumbe nilipoizima mchakacho wa CB haukutikisika. Nilipoifikisha karibu na tundu la kuwashia sigara, redio ilipiga kelele hadi nikaiondoa haraka. Humo ndani mlikuwa na adapta ya bei rahisi inayoshusha volti 12 kuwa 5 kwa ajili ya kamera ya kioo cha mbele, na waya wa kamera ulikuwa umepandishwa ukingoni mwa kioo, hatua chache tu kutoka kwenye antena ya kioo cha pembeni, ukifanya kazi ya antena ya kurusha uchafu. Nilichomoa adapta, na chaneli ya 19 ikawa safi kiasi kwamba nilidhani redio imezimika.

Kamera siwezi kuiacha, kwa kuwa kampuni ya bima inaitaka. Nilinunua adapta bora zaidi, nikaongeza vipande vya ferite, vile vya kubana juu ya waya ili kuzuia kelele, vya mchanganyiko wa 31, ambao unafaa kwa masafa haya. Wengi huvibana juu ya waya mara moja kisha hulalamika kwamba havifanyi kitu. Zungusha waya ndani ya kipande kilekile: mizunguko 3 huzuia takribani mara 9 kuliko mmoja, hivyo tafuta chenye tundu pana.

Kile kilio cha maikrofoni kiliondoka nilipofungua bano la antena kwenye kioo cha pembeni. Chini yake palikuwa na rangi, kutu na matope ya msimu mzima. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi ukingoni kuzuia maji, kisha nikaunganisha mlango na bodi ya lori kwa utepe wa shaba uliosukwa, maana bawaba za mlango haziaminiki kupitisha umeme. SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa (bora ni karibu na 1), iliyokuwa ikikaribia 3 ikashuka chini ya 1.5.

Imebaki kelele moja ambayo sina nia ya kuitibu. Mchana, hasa katika miaka ambayo jua limechangamka, mawimbi ya megahezi 27 hugonga ayonosfia, tabaka la juu la anga, na kurudi ardhini mamia ya maili kutoka yalikotoka, na chaneli ya 19 hujaa watu wa majimbo ya mbali wanaozungumza wote kwa pamoja. Ferite haiwezi kuwatenganisha, kwa sababu wako kwenye masafa yaleyale na madereva walio mbele yangu. Hapo hugeuza kitufe cha RF Gain kushoto na kuipunguzia redio usikivu, mpaka nibaki na malori yaliyo karibu tu.