Rangi nyeusi kupindukia ndani ya darubini: anza na ukuta unaoelekea fokasa

Asilimia za mwanga unaomezwa zinazotangazwa kwa rangi nyeusi kupindukia, kama ile 99.4 ya Musou Black ya Japani, hupimwa kwa mwanga unaoipiga rangi karibu wima. Ndani ya darubini ya Newton (kioo kikuu kilicho chini ya bomba huakisi mwanga hadi kioo kidogo cha pili karibu na mdomo, nacho huuelekeza pembeni kwenye fokasa, yaani mrija unaoshika lenzi ya jicho) mwanga msumbufu hauji hivyo. Huingia mdomoni mwa bomba na kuambaa na ukuta kwa pembe ndogo, na kwa pembe hiyo hata rangi ya mati (isiyo na mng'ao) hung'aa kama lami iliyonyeshewa. Ndiyo maana naona ukwaru wa ukuta una thamani kuliko bei ya kopo.

Kabla ya kununua chochote, tazama. Mchana, elekeza bomba kwenye anga jeupe mbali kabisa na Jua, toa lenzi ya jicho, kisha chungulia kwenye fokasa ukisogeza jicho kidogo pembeni. Kila kinachong'aa nje ya duara la kioo cha pili ni kazi yako: ukuta wa upande wa pili, ndani ya mrija wa fokasa, ukingo wa kioo cha pili, hata kichwa cha skrubu.

Kwa bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 230 hivi (kioo kikuu cha 200), kipande cha sentimita 30 kwa 30 mkabala na fokasa huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Hapo tumia karatasi ya mahameli yenye gundi mgongoni, si rangi. Nyuzi zilizosimama hunasa mwanga unaokuja kwa kuambaa. Toa vioo vyote, futa ukuta kwa spiriti, acha ukauke. Menya karatasi ya gundi sentimita 5 kwa zamu huku ukikandamiza kwa kitambaa, la sivyo utafungia mapovu. Kabla ya kurudisha vioo, pitisha selotepu juu ya mahameli ing'oe nyuzi zilizolegea. Adui ni joto: darubini ikishinda stoo yenye paa la bati, gundi huachia na ukingo wa karatasi huning'inia katikati ya njia ya mwanga.

Musou iweke ndani ya mrija wa fokasa, ambamo karatasi ingebana nafasi. Piga msasa laini, tia praima nyeusi ya mati, kisha pulizia matabaka membamba. Ziba kwanza kwa tepu sehemu inayoshika lenzi ya jicho, kwa sababu rangi hii ikisuguliwa hata kwa kidole hubaki na alama inayong'aa. Ukingo wa kioo cha pili unatosheka na rangi ya mati ya kawaida na brashi ndogo, bila kugusa uso wenye alumini.

Taa ya jirani inayoingia moja kwa moja kwenye fokasa kwa kupita juu ya mdomo wa bomba haitibiwi na weusi wowote. Refusha bomba kwa kola ya plastiki nyeusi mpaka lizidi katikati ya fokasa kwa kipenyo kimoja na nusu, yaani sentimita 35 hivi kwa bomba hili.

Wanaopiga picha za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) wapime zaidi. Alumini iliyotiwa weusi kiwandani mara nyingi huakisi sana mwanga huo. Weka kipande chake gizani mbele ya kamera ya ulinzi yenye taa za infraredi. Kikionekana cheupe, kifunike.