Picha za Wazee wa Lamu: Anza na Majina, Mashine Itangoja

Anayetaka kuhifadhi picha za kwao huuliza kwanza habari za skana: ninunue ipi, kwa bei gani. Swali hilo laweza kungoja mwezi mzima bila hasara. Picha iliyokaa kashani miaka 60 haitaoza wiki hii. Bibi wa miaka 86 anajua kwamba yule wa tatu kutoka kushoto, aliyevaa joho, si mtu wa Lamu bali ni mkwe aliyetoka Siyu. Bibi huyo akiondoka, picha itabaki safi kabisa na ndani yake mzee wa joho asiye na jina.

Kwa hiyo anza na simu uliyo nayo. Piga albamu nzima haraka haraka, ukurasa kwa ukurasa, bila kuondoa picha hata moja. Kisha chapisha kila picha peke yake kwenye karatasi ya A4, hata kama asili yake ni ndogo kama stempu, na uandike namba juu ya kila kichwa. Usimpe mzee simu aangalie. Kidole kikigusa kidogo tu picha imekimbia, na anayeona aibu kusema haoni vizuri atakujibu "sijui" ili mambo yaishe. Karatasi kubwa aishike mkononi, aisogeze kwenye mwanga wa daka, kibaraza cha mlangoni, akae nayo.

Picha 15 hadi 20 kwa kikao zatosha. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, jua limelegea na chakula kimeshuka. Rekodi sauti kwa simu nyingine iliyozimwa mtandao, ikae kiasi cha sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitoe mwangwi. Zima feni. Feni ya dari ndiyo iliyoharibu rekodi nyingi kuliko punda na kunguru wa Lamu wote wakiwekwa pamoja.

Namna ya kuuliza ina uzito. "Huyu nani?" huleta jina moja na kimya. "Bibi, huyu alikuwa akikaa mtaa gani?" au "hii shughuli ilikuwa kwa nani?" huleta nyumba, ndoa, ugomvi wa shamba, na majina matano yasiyokuwamo pichani. Wazee wawili wakikaa pamoja hukumbushana na kusahihishana, lakini mmoja akiwa na cheo zaidi mwenzake atanyamaza hata akijua kwamba la mkubwa si sawa. Wahoji pamoja, kisha kila mmoja peke yake. Wakipingana, andika kauli zote mbili na aliyesema kila moja. Usiamue wewe.

Jina moja halitoshi kwa Lamu. Muhammad bin Ahmad na Ahmad bin Muhammad wamo katika kila nyumba, na mjukuu hurithi jina la babu, kwa hiyo majina mawili huzunguka vizazi vinne bila kuachana. Katika daftari weka safu za jina la mtu, la baba, la babu, ukoo, lakabu, mtaa (Mkomani, Langoni, Mtamuini na kadhalika), kazi, na uhusiano wake na mtu mwingine aliyekwisha kuandikwa. Lakabu usiidharau: mara nyingi ndiyo pekee inayomtenga mtu na binamu zake wanne wa jina hilohilo.

Wanawake ndio wanaopotea zaidi. Mtu aliyeitwa Mama Fulani miaka 50 hujulikana na mji mzima kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wajukuu wake wenyewe hawajui aliitwaje. Uliza: "Kwa babake aliitwa nani?" Uliza pia alizaliwa nyumba ipi, maana nyumba nyingi za mawe hupita kwa mabinti, na nyumba ikijulikana ukoo wa upande wa mama hufunguka wenyewe.

Kauli iandikwe kama ilivyosemwa. Mzee akisema ndia, mato, moya, yeo, usimgeuzie kuwa njia, macho, moja, leo. Kiamu chake, yaani Kiswahili cha Lamu, au Kibajuni chake ikiwa ni mtu wa Faza au Kizingitini, ni sehemu ya maisha unayodai kuyahifadhi. Weka tafsiri ya Kiswahili sanifu chini ukipenda, lakini isichukue mahali pa kauli yake.

Tarehe nazo zina kazi yake. Nyuma ya picha huenda ukakuta mwaka wa Hijria. Hesabu ya haraka ni kuzidisha kwa 0.97 na kujumlisha 622: 1357 inakupa 1938. Mwaka mmoja wa Hijria huangukia miaka miwili ya miladi, basi andika zote mbili na usijifanye una uhakika wa mwezi. Pasipoandikwa kitu, mpe mzee vigingi vya kufungia kumbukumbu: kabla au baada ya kufa Habib Swaleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha (1935), kabla au baada ya uhuru (1963), wakati wa shifta, vita vya kutaka kujitenga kaskazini mashariki mwa Kenya. Wakati huo wa shifta, 1963 hadi 1967, ni kigingi chenye machungu kwa Wabajuni waliokimbia vijiji vya bara upande wa Kiunga. Picha za vijiji vile vya kabla ya hapo ni chache, na zilizopo zitafute Mombasa na Malindi kwa jamaa waliohamia huko. Ngome ya Lamu ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984, kwa hiyo askari jela mlangoni mwake akuambia picha si ya baada ya hapo.

Karatasi yenyewe pia husema. Ikiwa laini kama plastiki na haichaniki upesi, haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Kingo zilizokatwa kama meno zilipendwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960. Tahadhari na picha za studio: pazia lenye mnara, bustani au ndege halithibitishi mtu alikuwa wapi. Studio ya Bakor, iliyofanya kazi hapa Lamu tangu miaka ya 1960, ilisifika hata kwa picha za kukata na kuunganisha, kwa hiyo watu wawili walio bega kwa bega si lazima wawe walikutana siku hiyo.

Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu usiyasome kwa kubahatisha. Waandishi wengi wa zamani hawakutenga p na b, wala f na v, na "ng" ilikwenda na ghaini. Skani mgongo wa picha kama unavyoskani uso, peleka kwa msomaji mzoefu, uandike usomaji wake pamoja na jina lake.

Sasa hali ya picha yenyewe. Adui wa kwanza Lamu ni unyevu. Ukungu huanza kustawi hewa ikipita unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na chumba cha kawaida pwani hukaa juu ya hapo siku nyingi za mwaka. Kazi ya kufungua albamu na kusafisha ifanywe kaskazi, hasa Januari na Februari, mvua ikiwa haba. Ukifungua Mei, unafungia unyevu ndani ya sanduku jipya.

Adui wa pili tulimnunua wenyewe: albamu zile za kurasa za gundi zenye karatasi ya plastiki juu, zilizoenea miaka ya 1970 na 1980. Gundi hugeuka kahawia na kuilia picha kwa nyuma, na plastiki hunata kwa mbele. Picha inayotoka, itoe. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake kwa mwendo wa msumeno, polepole, ukianzia pembe. Isiyotoka, iache na uiskani hapo hapo. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa, maana sura itabaki kwenye kioo na wewe utabaki na karatasi. Ipigie picha kupitia kioo.

Fremu za ukutani zina dawa rahisi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua maji na chumvi, basi tundika ukuta wa ndani, usiwe ule unaopigwa na mvua, na gundisha vipande vinne vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite. Kati ya picha na kioo weka fremu ya kadibodi ili visigusane.

Dari likivuja, una kama saa 48 kabla ya ukungu kushika. Picha za karatasi zilizolowa na kushikana zitie kwenye beseni la maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji ya chupa, kwa sababu maji ya visima vingi yana chumvi. Zilaze uso juu kwenye wavu wa plastiki, kivulini. Jua huzikunja kama papa mkavu. Lakini picha iliyopakwa rangi kwa mkono, au yenye wino mgongoni, usiitie majini.

Za kuweka, tumia mifuko ya poliesta au polipropilini. Plastiki nene yenye harufu, ile ya vifuniko vya meza, huitoa harufu hiyo pamoja na tindikali. Ondoa mpira wa kufungia, pini na vibanio. Andika mgongoni kwa penseli laini ya 2B, kwa wepesi, karibu na ukingo. Kalamu ya wino hupenya na kuonekana usoni. Sanduku la plastiki linalofunga sawasawa, pakiti za silika (punje za kunyonya unyevu) za kubadili rangi, na kipima unyevu kidogo ndani: lenga asilimia 35 hadi 50. Silika ikibadilika, ikaushe kwa moto mdogo na uirudishe. Mchele hausaidii kitu, huita mende tu. Picha za rangi za miaka ya 1970 zitaendelea kuwa nyekundu hata gizani, kwa sababu rangi ya samawati ndani yake hufa mapema. Hizo ziwe za kwanza kuskaniwa.

Kwenye skana, picha ya inchi 4 kwa 6 iende 600 dpi (nukta kwa inchi), ya pasipoti 1200. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Picha moja ya inchi 4 kwa 6 kwa rangi kamili huchukua karibu megabaiti 26, kwa hiyo picha elfu moja ni gigabaiti 26 hivi, hazijazi hata flashi ya 32. Zima kila kitu kinachoitwa "boresha". Kama huna skana, laza picha chini kwenye daka lenye kivuli, simu sambamba nayo juu, bila flashi. Kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, mwanga hushuka kutoka juu na kung'aa usoni mwa picha. Jina la faili liwe namba tu, mfano LM-0147-a kwa uso na LM-0147-b kwa mgongo. Habari zote zikae daftarini. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili ya waraka. Ikienda kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Programu za kutia rangi na kunyoosha nyuso tuziache, maana huzua macho ambayo marehemu hakuwa nayo.

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya kisiwa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa nakala za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa hifadhi zilizo hatarini, na msingi ni huohuo: asili ibaki kwa mwenyewe, nakala zitawanyike.

Limebaki jambo la sitara, ambalo wageni wenye skana nzuri hulikosea zaidi. Picha ya harusi iliyopigwa ndani, wanawake peke yao, vichwa wazi, ilipigwa kwa macho ya wanawake. Kufa kwao hakukuifanya mali ya soko. Weka daftarini alama tatu: ya wote, ya nyumba, na iliyofungwa. Ya nyumba ioneshwe kwa jamaa tu, na anayeiskani awe mwanamke. Ruhusa iandikwe jina, tarehe, na kwa matumizi gani, na iulizwe kwa zaidi ya mtoto mmoja wa marehemu, kwa sababu wa Mombasa atakubali na wa Langoni atakataa. Aliyekataa ndiye anayefuatwa.

Utakuta pia picha zilizokatwa uso kwa mkasi, au kuchunwa kwa kisu. Huo si uharibifu wa kutengeneza. Kuna mtu aliamua, pengine mwenyewe baada ya kushika dini zaidi. Andika "uso umeondolewa" na uache hivyo.

Tahadhari vilevile na neno la mtu juu ya asili ya nyumba nyingine. Utumwa ulifutwa kisheria 1907, lakini kauli ya "hao walikuwa wa kwetu" ingali yaweza kuvunja ndoa ya mwaka huu. Ihifadhi kwenye rekodi iliyofungwa, usiichapishe chini ya picha.

Na kumiliki karatasi si kumiliki haki. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, lolote lililo la mwisho. Kwa walio hai kuna pia sheria ya kulinda data ya 2019. Picha ya studio ya 1985 yenye watu watano, wawili wangali hai, inahitaji maneno na wale wawili na jamaa wa mpigaji kabla haijatundikwa ukumbini au kuwekwa mtandaoni.