Tarehe 31 na Mkeka Begani

Konda alitaka nilipie nauli ya mkeka. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Mbagala Rangi Tatu, Jumanne ya mwisho ya mwaka 2024. Kosta imeshiba mpaka mlangoni, na kijana ananitazama kama niliyepanda na mbuzi.

"Mama, huo mzigo umekula nafasi ya mtu."

"Mkeka tu huu, baba. Nimeukunja."

"Mkeka gani mrefu kama mlingoti?"

Abiria wakacheka. Mzee mmoja wa siti ya nyuma akaupokea, akaulaza juu ya magoti yao wanne, konda akagonga bodi, tukaondoka.

Mkobani nilikuwa na daftari. Mimi ni fundi cherehani, na daftari langu mbele lina vipimo vya watu: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kurasa za nyuma ni za madeni. Mama yangu alikuwa hapendi kabisa mtu aingie mwaka mpya na vya watu. Ikifika Desemba ananiuliza, "Umebakiza kwa nani?" kwa sauti ileile anayoulizia kama nimeshaswali. Safari hii hakuwepo wa kuniuliza, nikafungua mwenyewe. Majina matatu. Kariakoo, 85,000. Manzese, 40,000. Kigamboni hapakuwa na tarakimu, nilikuwa nimeandika neno moja: mkeka. Upande wa pili wa ukurasa alikuwapo ninayemdai mimi, mmoja tu, dada wa kamati ya sendoff, sherehe ya kumwaga bibi harusi, 160,000. Huyo nilimpigia tukiwa bado Mtongani. Simu ikaita mpaka ikakatika.

Barabara ya Kilwa asubuhi ile ilikuwa kama ilivyokuwa mwaka mzima. Njia za mwendokasi zimeshajengwa, vituo vimeezekwa vinang'aa, mabasi hayajaja. Katikati peupe, pamenyooka, boda zinajipitia zitakavyo, na sisi pembeni tumebanana tunatafutana pumzi. Kila nilipopita hapo nilijiambia labda mwezi ujao. Miezi kumi na miwili nimejiambia hivyo.

Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, ndiyo iliyoniingiza kwenye deni la Manzese, na habari yake inaanzia kwenye mgao. Januari na Februari umeme ulikuwa unakuja kama mgeni wa heshima. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haina habari na mgao, lakini ovaloki bila umeme ni chuma tu, na mteja wa siku hizi akigeuza nguo akakuta upindo haujapigwa ovaloki anakurudishia. Nikawa nashona mchana, usiku nalala na khanga kiunoni nikisubiri taa iwake niamke nifunge kingo. Mwishoni mwa Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukaingizwa kwenye gridi, megawati 235, na mgao ukapungua kweli, sikatai. Machi nilishona kwa raha. Halafu ikaja Jumatatu ya Pasaka, gridi ikapata hitilafu, nchi ikawa giza. Umeme uliporudi kwangu ulirudi kwa hasira. Mota ya ovaloki ikatoa harufu ya plastiki, ikanyamaza moja kwa moja.

Aprili ileile mvua. Banda langu liko chini kidogo ya barabara, na maji hayaulizi. Nilikuwa na vitenge vya sare za sendoff ya watu, madera 34, nusu vimeshakatwa. Vilivyokuwa sakafuni vikaloa usiku kucha, chekundu kikachujia cheupe. Pisi 12 zikaharibika. Nilikaa kwenye kigoda nikazitazama, na sikulia. Nilicheka peke yangu, jirani akaja kuniangalia kama niko sawa.

Kariakoo nilishukia upande wa Gerezani, nikatembea. Siku ya mwisho wa mwaka Kariakoo haipitiki, unabebwa. Mkeka begani ulinisaidia, watu walikuwa wananipisha wakiogopa kuchomwa macho. Mzee wangu wa Mtaa wa Uhuru, Mpemba, alikuwa palepale nyuma ya meza yake na tasbihi. Ndiye aliyenipa pisi 12 nyingine kwa mkopo, za 240,000, bila karatasi wala shahidi. "Utalipa," basi.

Nilimlipa kidogo kidogo, na mara moja nilishindwa kwa sababu isiyo yangu. Tarehe 24 Juni nilimpelekea 50,000 nikakuta maduka yamefungwa, wafanyabiashara wamegoma kwa mambo ya kodi. Nilisimama na hela mkononi mbele ya duka lisilotaka hela. Siku walipofungua, ile 50,000 ilikuwa imeshaliwa nyumbani. Nilipomweleza alicheka mpaka kofia ikasogea.

Kuna njia moja pale Kariakoo ambayo siipiti tena. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba nilikuwa mtaa wa pili nachagua zipu. Nikasikia kishindo, nikadhani kontena limeangushwa vibaya. Vumbi likaja, halafu mayowe. Ghorofa limeshuka na watu wake ndani, na waliofukiwa wengine walikuwa wanapiga simu kutoka chini huko. Walikufa watu zaidi ya 20. Zile zipu nilizikuta mkononi nilipofika nyumbani, sikuwa nimezilipia. Nilirudi wiki iliyofuata kumlipa kijana, shilingi elfu mbili, akanitazama kama mwehu.

Mzee alizihesabu zile 85,000 mara mbili, akaziweka chini ya Msahafu, ndipo akauona mkeka. Akaupapasa kwa kidole gumba.

"Nani kasuka?"

"Mama."

"Na nani kashona?"

"Mimi."

Akaupapasa tena kwenye maungio. "Inaonekana," akasema.

Sikumuuliza maana yake.

Asiyejua mkeka wa ukindu namwelezea kidogo. Kwanza unasuka ukili, utepe mrefu wa chane za ukindu, kisha ukili ule unaupanga upande kwa upande na kuushona kwa sindano mpaka uwe mkeka. Kusuka sijui, vidole vyangu vilikataa tangu utoto. Kushona ndiyo kazi yangu, lakini ukindu si kitenge. Mama yangu, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa na mfuko wa ukindu kama wenzake wanavyokuwa na mkoba. Anasuka msibani, kliniki, kwenye daladala. Safari alikuwa hapimi kwa kilometa. Kwenda Morogoro kwa kaka yake, kwa basi, ilikuwa pima mbili za ukili, pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Foleni ya Kibaha ikiwa mbaya, mbili na nusu.

Agosti nikampandisha SGR, ile treni mpya ya umeme. Treni ilikuwa imeanza mwezi Juni, watu wote wanaisimulia, nami nilikuwa nimemaliza sare na nimelipwa nusu. Shilingi 13,000 kila mtu. Nikakaa naye dirishani, yeye na mfuko wake. Treni ilipotoka alikuwa bado anapanga chane mapajani. Pugu akaanza kusuka. Mimi natazama nje, nyaya na nguzo zinakimbia, namwonyesha, "Mama, tazama," ananiambia ngoja nipate mkono. Kabla mkono haujapata moto wakatangaza Morogoro. Hata saa mbili hazijatimia. Akaunyoosha ukili wake kwenye mkono: haufiki pima moja.

"Ndiyo tumefika?"

"Tumefika, mama."

"Sasa safari gani hii? Wamenidhulumu."

Aliishitaki ile treni kwa kila aliyemkuta. Kwa mjomba, kwa wajukuu wa mjomba, kwa muuza ndizi. Kurudi vilevile, pima haikutimia. Alimpigia simu mdogo wake Kigamboni, maana mkeka wenyewe alikuwa amemwahidi yeye tangu Idd, akamwambia mkeka wako utachelewa, treni imenikata pima mbili na ushee. Nilicheka siku ile kuliko siku zote za mwaka. Kila nikipita Gerezani nikaliona paa la stesheni lilivyochongoka, nausikia ule mdomo wake: wamenidhulumu.

Septemba akafariki. Presha, siku tatu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mwendokasi kwenda Manzese nilisimama. Bonde la Jangwani lilikuwa kavu, jua la utosi, huwezi kuamini kwamba Aprili maji yalipanda barabarani mabasi yakasitishwa na watu wakavua viatu. Nyumba nyingi za bondeni zimeshavunjwa, wenyewe wamelipwa fidia, yamebaki misingi na mipapai.

Fundi mwenzangu wa Manzese aliniazima ovaloki yake ya akiba miezi minne, 10,000 kwa mwezi. Bei ya kindugu, nakiri. Nilimpa 40,000 taslimu, akazikunja, hakuziweka mfukoni.

"Na sindano?"

"Sindano gani?"

"Ulivunja sindano. Elfu tatu."

Nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau. Nikataka kumwambia kwamba kwenye daftari jingine, lile la rambirambi ambalo jirani aliliandika uani wakati wanawake wanapika, jina lake lipo, amechanga 20,000, wakati ule mimi nikiwa bado sijamlipa hata mwezi wa kwanza. Yaani alinichangia huku namdhulumu. Nikafungua mdomo, akaniwahi, "Ile ya msiba ni ya msiba. Hii ni kazi." Nikatoa elfu tatu. Kisha akauchukua mkeka, akaubeba yeye mpaka kituoni Tip Top, akanipita mbele bila kuongea, akaupitisha getini, akarudi kwenye cherehani yake. Sijui watu wa namna hii unawaweka kundi gani.

Kivukoni nilifika saa tisa. Nikampigia tena dada wa kamati. Akakata, akatuma ujumbe: "Heri ya mwaka mpya mpendwa, tutaongea." Na ua. Madera yake manane niliyaona kwenye picha, yamependeza sana, amevaa yeye, mashoga na mama mkwe. Nikaandika pembeni ya jina lake: 2025.

Daraja la Nyerere lipo tangu 2016, mita 680, zuri. Lakini mimi na mkeka wangu begani nilipanda pantoni kwa shilingi 200. Geti lilipofunguliwa tukamiminika, baiskeli, matenga ya samaki wa Feri, mama na kuku wawili, bajaji zinapiga honi kana kwamba kuna pa kupita. Nikapata pa kuegemea ukingoni. Paa jekundu la Kanisa la Azania Front likabaki nyuma, meli ya makontena ikatupita kama mtaa mzima unahama, upepo ukaingia chini ya baibui. Dakika chache tu, lakini ndizo nilizopumzika siku ile. Nikajikuta nawaza sare ya shule. Binti yangu amefaulu darasa la saba, Desemba majina ya kidato cha kwanza yakatoka na lake lipo. Nimemshonea sare mwenyewe, marinda yote nimeyapiga pasi kabla ya kuyashona, na amenitaka nimwekee mfuko wa ndani wa kufichia nauli. Nimemwekea miwili. Mama alilipata tangazo la mtihani, matokeo hakuyapata.

Mama mdogo anakaa Mjimwema. Binti yangu alikuwa huko tangu shule zifungwe, akanipokea mkeka barabarani, akauliza kwa nini mfupi. Nikamwambia anyamaze.

Tuliutandika uani chini ya mwarobaini. Mama mdogo hakuukalia kwanza. Alichuchumaa, akapita na vidole kwenye mshono wote, ukingo kwa ukingo, kama anayesoma. Alipofika katikati alisimama, pale ukili unapobadilika kidogo, umelegea, wa siku za mwisho. Akapita. Kisha akajilaza chali, akanyoosha miguu. Visigino vikatoka nje, vikalala mchangani.

Nikaanza kueleza kwamba nimeshona ukili wote aliouacha, sikubakiza hata dhiraa, nimepekua mpaka chini ya kitanda.

"Najua," akasema, bado kalala, macho juu. "Aliniambia. Hicho kipande kiko kwenye treni."

Binti yangu hakuelewa tunacheka nini, halafu hakuelewa kwa nini mama mdogo amefunika uso kwa khanga.

Tulipokunywa chai nikatoa daftari nifute jina la Kigamboni. Akanishika mkono. "Usifute. Pima mbili, andika." Nikamwambia kusuka sijui, anajua. Akasema yeye anajua, na huyu mtoto ana vidole, na ukindu Kisarawe upo, nauli iwe yangu. Nikaandika: Kigamboni, ukili, pima mbili.

"Na ushee," akasema. Nikaongeza.