Woka ya matairi manne hapa Magomeni: kuikunja, kuiweka na kuikalia

Woka ya matairi manne, kile kifaa cha kumsaidia mtu kutembea anachokishika na kukisukuma mbele yake, naiogopa zaidi ikiwa imesimama kuliko ikiwa inatembea. Ikitembea, mama anaishika kwa mikono miwili na macho yake yako njiani. Ikisimama ndipo anapogeuka aikalie, au anapoitegemea ainuke kitandani, au anapotaka kuikunja mlangoni mwa bajaji huku mguu mmoja uko ndani na mwingine nje. Breki ikiwa wazi, hapo woka inamponyoka. Kwa hiyo karibu kila utaratibu tuliojiwekea nyumbani unahusu breki na ile komeo ya kikunjio, inayoizuia woka isijikunje ikiwa wazi.

Nazungumzia ile yenye matairi manne, breki mbili za mkononi, kiti katikati na kikapu chini ya kiti. Siyo fremu ya miguu minne ambayo mtu huinyanyua na kuitua. Fremu ile inastahimili mtu kuiegemea kwa uzito wake wote. Ya matairi ukiiegemea hivyo inakwenda zake. Inamfaa mtu ambaye miguu bado inambeba, ila anachoka upesi au anayumba. Kama mgonjwa ametoka kupasuliwa nyonga au amepooza upande mmoja, mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia kabla hujaenda Kariakoo na hela mkononi. Mkono mmoja ukiwa dhaifu, breki ya upande huo haibanwi sawasawa na woka inavuta kuelekea upande mwingine.

Wakati wa kununua, hasa ya mtumba, iweke juu ya sakafu ya vigae uitikise. Matairi yote manne yaguse chini. Ikicheza kama meza mbovu, fremu imepinda na hakuna fundi atakayeinyoosha ikakaa sawa. Tafuta lebo ya uzito: nyingi zimeandikwa kilo 136, ambazo ni ratili 300 za Wamarekani. Lebo ikiwa imebanduka na mtumiaji ni mtu mzito, mimi singenunua. Matairi nayo yana saizi. Ya inchi 6 yanafaa ndani ya nyumba na kwenye lami nzuri. Kwenye mchanga wa vichochoro vyetu yanazama na kugoma ghafla, mtu akaendelea mbele peke yake. Chukua ya inchi 8 au zaidi. Na pima milango yako kabla. Woka nyingi zikiwa wazi zina upana wa sentimita 60 hadi 65, na milango ya vyoo vya ndani katika nyumba zetu mingine haifiki 70. Ukitoa unene wa fremu ya mlango na kitasa, vidole vinabaki na nafasi ndogo ya kupita.

Urefu wa vishikio watu wengi hukadiria kwa macho, nao hukosea. Mtumiaji avae viatu anavyotembea navyo kila siku, asimame wima, mikono aiache ining'inie. Kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kinapinda kidogo tu. Vikiwa juu mno, mabega yanapanda na shingo inauma. Vikiwa chini mno, mtu anainama, anaisukuma woka mbali naye na kuifuata nyuma. Hesabu matundu ya kupandishia vishikio, ya pande zote mbili yalingane, kisha kaza bolti hadi kishikio kisizunguke ukikipinda kwa nguvu. Akibadilisha viatu kutoka raba nene kwenda ndala nyembamba, angalia tena. Ndala zenyewe siziungi mkono. Zinachomoka kisigino, na mtu anaanza kuburuza miguu ili zisimtoke.

Sasa breki. Ukivuta mkono wa breki juu, kuelekea kishikio, unapunguza mwendo. Ukiusukuma chini hadi usikie "ka!", umefunga. Kwa nyingi ya woka hizi breki hushika matairi ya nyuma tu; ya mbele yanabaki huru kuzunguka. Hivyo hata ikiwa imefungwa, usiitarajie isimame imara juu ya vigae vilivyotoka kupigwa deki au juu ya mchanga. Tairi halitazunguka, lakini litateleza.

Kuipima ni kazi ya nusu dakika. Funga zote mbili, isukume mbele ukiangalia matairi ya nyuma. Likizunguka hata kidogo, waya umelegea au tairi limelika. Fuata waya kutoka kwenye mkono wa breki hadi chini karibu na tairi: utakuta kibomba kidogo chenye uzi wa skrubu na nati moja inayokibana. Legeza nati, zungusha kibomba nusu mzunguko kwenda nje, kaza nati, jaribu tena. Nenda nusu kwa nusu. Ukizidisha, kipande cha breki kinagusa tairi muda wote, woka inakuwa nzito, na tairi linakwanguka upande mmoja. Breki ikiachiwa, tairi lizunguke bila kukwaruza. Usipotaka kushika spana, fundi baiskeli yeyote anaiweza kazi hii, na waya ukikatika nyuzi zake mwishoni anaweza kukuwekea mpya. Nyuzi zikianza kufumuka zinachoma vidole, nazo ni dalili kwamba waya hauna maisha marefu.

Kukaa juu yake kuna mpangilio, na mama anaufuata kwa sauti, kana kwamba anamwelekeza mtu mwingine. Anaisogeza mpaka iguse ukuta au kitu kisichosogea. Anafunga breki ya kulia, anafunga ya kushoto, anaitikisa. Anageuka kwa hatua ndogondogo, bila kupinda kiuno, mpaka asikie ukingo wa kiti nyuma ya miguu. Mkono mmoja unashika kishikio, kisha wa pili, ndipo anashuka taratibu. Kuinuka kitandani au kwenye kochi ni kinyume cha watu wanavyodhani: mikono inasukuma kitanda au mkono wa kochi, haivuti woka. Akishasimama na kupata mizani ndipo anahamisha mkono mmoja mmoja. Mtu anayevuta vishikio ili ainuke anaivuta woka imwangukie.

Kiti kile ni cha kupumzika tu. Hapa mtaani vijana wana adabu, wakimwona bibi amekaa watakuja: "Shikamoo bibi, tulia hapohapo tukusukume." Jibu la mama ni moja: "Marahaba wajukuu zangu, hii siyo ya kusukumwa." Ana haki. Hakuna pa kuweka miguu, hivyo inaburuzwa. Mtu anayesukumwa anakwenda kinyumenyume. Na kitairi kikiingia kwenye ufa wa pevingi, woka inapinduka pamoja na mtu wake. Ukihitaji cha kumsukuma mtu, tafuta kiti mwendo.

Kuikunja. Yetu inakunjika kwa ubavu, upande wa kulia unakuja kwa wa kushoto. Zipo nyingine zinazokunjika mbele kwa nyuma. Kwa zote mbili, toa kwanza vitu kwenye kikapu. Chupa ya maji iliyosahauliwa humo inazuia mabomba kufika mwisho, na ukilazimisha unapinda muhimili. Funga breki. Mtumiaji akae au aegemee ukuta, maana wakati wa kukunja woka haimsaidii chochote. Shika kamba iliyo katikati ya kiti uivute juu kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ukae kwenye bomba la nje, mbali na yale mabomba yanayokutana chini ya kiti. Hapo ndipo vidole vinapobanwa. Ikishakutana, ibane kwa kile kibanio cha pembeni. Chetu kilikatika, tukaweka kipande cha mpira wa tyubu kama wanachofungia mizigo watu wa bodaboda, na kinashika vizuri kuliko cha kiwandani.

Kuifungua kunahitaji umakini zaidi. Tanua, halafu kandamiza mabomba mawili ya pembeni ya kiti kwa viganja, vidole vikiwa vimenyooka, visizunguke bomba. Usikie mlio wa komeo. Usiposikia, kuna mchanga au kamba ya kiti imeingia katikati. Kisha jaribu kuyainua yale mabomba: yakipanda, haijafunga. Woka iliyofunguka nusu inasimama vizuri kabisa mbele ya macho, mpaka mtu aikalie.

Kwenye bajaji, anayeingia kwanza ni mtu, si woka. Mwambie dereva azime injini na ashike breki yake. Woka isimame wazi, imefungwa breki, karibu na mlango. Mama anaigeuzia mgongo bajaji, anashika bomba la bajaji, anakaa, ndipo anaingiza miguu. Woka inakunjwa na kusimamishwa mbele ya magoti ya msindikizaji, matairi chini. Kuibeba, shika fremu karibu na kiti. Kaka wa bajaji akitaka kusaidia huwa anashika waya za breki kwa sababu ndizo zinazoonekana rahisi kushika, kwa hiyo namwahi: "Kaka, shika bomba hili hapa, usiguse waya." Kushuka, mpangilio unageuka: woka inatoka kwanza, inafunguliwa, inalia "ka!", breki zinafungwa, ndipo mtu anatoka.

Daladala saa za asubuhi na jioni tusidanganyane, haiwezekani. Ngazi iko juu na konda hana muda. Mchana kukiwa na nafasi, woka inapitishwa ikiwa imekunjwa na mtu anapanda akishika vyuma vya mlangoni. Mwendokasi ni nafuu kwa sababu jukwaa la kituo limeinuliwa kufikia sakafu ya basi, lakini kati yao kuna uwazi. Uvukeni mkiwa mmeelekea mbele moja kwa moja. Ukiuvuka kwa mshazari, tairi la mbele linageuka na kuingia humo. Ndani ya basi mtu akae kwenye kiti cha basi. Kukalia woka kwenye gari linalotembea ni hatari hata breki ziwe mpya, kwa sababu gari likisimama ghafla inaondoka na mtu wake.

Mifuniko ya mitaro ni habari ileile ya uwazi: kata moja kwa moja. Mteremko, hata ule mfupi wa kushukia kituoni, bana breki kidogokidogo mfululizo, siyo kuachia na kukamata. Mkoba usining'inizwe kwenye vishikio, unaivuta woka kando. Uende kwenye kikapu, na mzigo uwe mwepesi. Kwa kina mama nina neno moja la ziada: dera na khanga. Pindo refu linaingia kwenye tairi la nyuma na kujizungusha kwenye ekseli, na mvaaji anavutwa chini kabla hajajua kinachoendelea. Pindo lifungwe juu ya kifundo cha mguu.

Nyumbani usiku inakaa wazi kando ya kitanda, breki zimefungwa, vishikio vikiwa pale mkono unapofika bila kunyoosha mwili. Mazulia madogo na mikeka iliyokunjamana kingo tumeviondoa njiani kwenda chooni. Ikihifadhiwa ikiwa imekunjwa, isiegemezwe ukutani tu. Ifunge breki na uibane nyuma ya kabati, kwa sababu ikianguka inaangukia upande wa mkono wa breki. Barazani haifai. Jua linafanya mipira ya vishikio inate na mpira wa tairi ukauke, na mwizi naye hana dogo. Msikitini au kanisani tukiiacha nje, mnyororo wa baiskeli unapita kwenye fremu.

Hewa ya bahari inakula vyuma kimyakimya. Fremu ya alumini haioti kutu nyekundu, lakini skrubu, springi na waya za breki ni chuma. Mara moja kwa wiki ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, toa nyuzi na nywele zilizojizungusha kwenye ekseli, halafu tone moja la oili ya cherehani kwenye maungio ya kikunjio. Oili isiguse tairi wala kipande cha breki. Wakati wa masika, ikirudi na tope, fanya hivyo siku hiyohiyo, na usiipige maji ya mpira kwa nguvu kwenye vitovu vya matairi. Maji yakiingia kwenye beringi unaanza kusikia mkwaruzo.

Mwisho, ufa. Angalia pale bomba linapoungana na muhimili wa kikunjio na pale uma wa tairi la mbele unapoingia kwenye fremu. Ukiona mstari mwembamba unaoshika ukucha, acha kuitumia. Fundi wa mageti atakwambia anaichomelea, na ya chuma anaweza kweli, lakini alumini haishiki kwa mashine yake ya kawaida. Itaonekana imeunganika halafu iachie na mtu juu yake. Nunua nyingine. Ile mbovu ng'oa matairi, vishikio, waya na bolti, uviweke kwenye mfuko: vikilingana na mpya ni spea za bure.