Siku yangu kwenye utupu wa anga

Saa 1 asubuhi hapa Arizona, kwetu Tanga saa 11 jioni, na shangazi ameshatuma sauti: "Mwanangu, hebu niangalizie nyota yangu, biashara imelala." Kwetu neno mnajimu limebeba mpiga ramli na mimi pamoja. Namjibu: "Shikamoo shangazi. Mimi nahesabu galaksi, bahati sizioni."

Nazihesabu pembezoni mwa sehemu tupu za ulimwengu. Galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zimekaa kama povu la sabuni: zimesongamana kwenye ngozi ya povu, ndani karibu peupe. Utupu wa Boötes, uliotangazwa mwaka 1981, una upana wa miaka ya nuru milioni 330 hivi, na galaksi zilizojulikana ndani yake ni kama 60 tu.

Saa 2 hadi saa 5: chai, barua pepe, programu inachambua data za SDSS, mradi wa kuchora ramani ya anga kwa darubini.

Saa 5 na robo likatokea pengo zuri mno. Nikapima toka katikati kwenda nje, ganda kwa ganda kama kitunguu. Katikati sifuri. Ganda la pili sifuri. Furaha ikaanza kuniisha, maana utupu wa kweli hauwi mkavu hivyo. Huwa na vigalaksi vichache vya buluu, vyenye gesi, vinavyoendelea kuzaa nyota. Nikaligeuza pengo kwenye skrini. Lilikuwa refu kama kisima, tupu karibu na tupu mbali, mdomo wake duara la digrii 3 angani. Moyo ukanishuka. Hiyo ni saizi ya eneo la anga la sahani moja ya alumini ya darubini ya SDSS, zile zilizotobolewa tundu kwa kila galaksi, watu wakachomeka nyuzi za kioo kwa mkono ili zinase nuru. Sahani ya eneo lile haikuwahi kutumika, ila orodha yangu ya zamani ilisema imetumika. Ni pengo la vipimo, anga halina kosa.

Chakula cha mchana sikukiona. Nilibadilisha orodha, nikarudia kila kitu toka mwanzo, kila sehemu tupu, kila ganda, macho yanawasha, mgongo umekufa ganzi.

Nje giza lilishaingia grafu ya wingi wa galaksi ilipotoka: chini katikati, inapanda taratibu, inavimba ukutani, kisha inatulia. Kwenye utupu mmoja, karibu kabisa na kitovu, kuna galaksi imekaa peke yake. Nimeandika namba yake kwenye daftari, nikaipigia mstari mara mbili.